Umiliki wa Redio Nchini Kongo na Rwanda: Mtazamo Kutoka Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati nchi nyingi za Afrika zilipokuwa zikijipatia uhuru, Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa (UNESCO) lilipendekeza kipimo cha chini cha upashanaji habari kwa nchi zinazoendelea. Kwa kila watu 100 kulitakiwa kuwe na nakala 10 za magazeti ya kila siku, redio 5, viti 2 vya sinema na televisheni 2. Tangu hapo imekuwa desturi ya vitabu vya takwimu kuzipanga nchi kwa safu: hii ina redio nyingi, ile ina chache, hii imepiga hatua, ile imebaki nyuma. Msomaji hupewa tarakimu moja kwa nchi nzima, naye huichukua kuwa kipimo cha watu kupata habari.

Makala haya yanauchunguza ulinganisho wa namna hiyo baina ya nchi mbili jirani, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (iliyoitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997) na Rwanda. Uchunguzi wenyewe unafanywa kutoka mahali pamoja: wilaya za Masisi na Walikale katika jimbo la Kivu Kaskazini. Hoja ya makala ni kwamba idadi ya redio hupima masikio tu. Haipimi midomo, yaani nani ana uwezo wa kusema hewani, kwa lugha gani, na nani ana nguvu ya kumnyamazisha. Historia ya wilaya hizi mbili na ya jirani yao inaonyesha kwamba faida au hasara ya redio kwa mwananchi ilitegemea zaidi uwiano baina ya masikio na midomo kuliko wingi wa redio peke yake.

2.0 Wilaya Mbili na Mpaka Mmoja

Kabla ya kuzungumzia redio hapana budi kuielewa nchi yenyewe. Rwanda ina eneo la kilomita za mraba 26,338. Wilaya ya Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na Masisi karibu 4,700. Hivyo wilaya hizi mbili zikiunganishwa huipita Rwanda kwa ukubwa, ilhali Rwanda ni miongoni mwa nchi zenye msongamano mkubwa wa watu barani Afrika, na Walikale ni msitu ambamo vijiji hufuatana kando ya barabara chache, kisha huja nafasi pana isiyo na mtu.

Masisi ni nchi ya milima, malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharage na viazi. Wenyeji wake wa kale ni Wahunde. Pamoja nao wanaishi Watembo na wasemaji wa Kinyarwanda, Wahutu kwa Watutsi. Wengi wa hawa wa mwisho ni wazao wa watu walioletwa na utawala wa Kibelgiji kwa mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, uliotekelezwa kati ya 1937 na 1955 ili kupunguza msongamano Rwanda na kupata wafanyakazi wa mashamba ya walowezi wa Kivu. Walikale ni nchi ya Wanyanga, Wakano na Wakumu. Wanyanga wanajulikana katika taaluma ya fasihi simulizi kwa utendi wa Mwindo, uliokusanywa na Daniel Biebuyck katika miaka ya 1950. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu wote hawa sokoni, kanisani na barabarani.

Umbo la nchi huathiri usikivu. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na mlima huyakinga kama ukuta unavyokinga mwanga wa taa. Kwa sababu hiyo kijiji cha Masisi kilicho kwenye mteremko unaoelekea Goma huweza kuisikia redio ya mjini, na kijiji jirani kilicho nyuma ya kilele kisisikie kitu. Walikale iko mbali zaidi, na minara ya FM ya Goma haikuweza kuifikia yenyewe bila mitambo ya kupokezana. Masafa mafupi yana tabia nyingine: hupanda angani, hugonga tabaka la juu la hewa na kurudi ardhini umbali wa maelfu ya kilomita. Kwa miaka mingi, basi, mtu wa Walikale aliweza kuisikia London au Cologne kwa wepesi kuliko makao makuu ya jimbo lake mwenyewe.

3.0 Chanzo Kimoja

Nchi hizi mbili zilianza na redio moja. Kuanzia 1925 Ubelgiji iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo katika mfumo mmoja wa utawala, na kitovu cha utangazaji kikawa Léopoldville (Kinshasa ya leo). Huko ndiko mapadre Wajesuiti walikoanzisha matangazo mwaka 1937, na ndiko serikali ya kikoloni ilikoanzisha Radio Congo Belge mwaka 1940, wakati Ubelgiji yenyewe ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Matangazo hayo yalikuwa ya Wazungu. Vipindi vya kudumu kwa ajili ya Waafrika, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake, vilianza mwaka 1949.

Namna vipindi hivyo vilivyosikilizwa inastahili kutazamwa. Katika mitaa ya Waafrika mijini serikali iliweka vipaza sauti vya hadhara, watu wakakusanyika na kusikiliza pamoja. Mwaka huo huo wa 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), afisa wa habari Harry Franklin alikuwa amefanikiwa kupata redio rahisi ya betri kwa ajili ya Mwafrika mmoja mmoja, redio ambayo kwa umbo lake la mviringo ilifananishwa na sufuria. Hizi zilikuwa falsafa mbili tofauti. Katika ya kwanza msikilizaji hana kitufe cha kuzimia wala cha kubadilishia. Anasikia kile anachofunguliwa. Katika ya pili msikilizaji ana chombo chake, na mwenye chombo anaweza kwenda kwingine. Transista ilipoingia sokoni kuanzia 1954 na kuenea Afrika miaka iliyofuata, falsafa ya pili ilishinda kila mahali, nayo ikazaa lile swali la nani ana redio na nani hana.

Urithi huo mmoja uligawanywa wakati wa uhuru. Kongo ilipata uhuru mwaka 1960, Rwanda mwaka 1962, baada ya Radio Rwanda kuwa imeanza matangazo mwaka 1961. Rwanda ilikuwa nchi ndogo yenye lugha moja inayoeleweka na karibu kila mwananchi, hivyo kituo kimoja kilitosha kuifikia nchi nzima. Kongo ilibaki na nchi kubwa mno, Kifaransa, na lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiluba na Kiswahili. Watu wa Kivu waliangukia upande wa Kiswahili, wakihudumiwa na kituo cha mkoa kilichokuwa Bukavu pamoja na sauti ya taifa kutoka Kinshasa.

Mgawanyo huo uliwaacha watu wa Masisi katika hali ya pekee. Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda hazikuwamo katika orodha ya lugha nne za taifa. Lakini Mhunde na Mnyanga hawakuwa na redio yoyote ya lugha ya nyumbani, na msemaji wa Kinyarwanda alikuwa nayo, ila ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Kufungulia Radio Rwanda lilikuwa jambo jepesi la kufuata lugha ya mama. Hata hivyo uraia wa watu hao ulikuwa ukivutwa huku na huku: sheria ya 1972 iliwapa wengi wao uraia wa Zaire, na sheria ya 1981 ikawanyang'anya. Katika mazingira hayo kusikiliza redio ya jirani hakukuweza kubaki jambo la sikio tu.

Mpaka wa hewani ulivukwa pia kwa njia nyingine. Deutsche Welle, iliyoanza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1963, ilijenga Kigali kituo cha kurushia upya matangazo yake kwa masafa mafupi, kikafanya kazi kuanzia 1965 hadi kilipofungwa mwaka 2015. Kwa nusu karne, basi, sauti ya Ujerumani kwa Afrika ilipitia katika milima ya Rwanda. Pamoja na Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, matangazo kama hayo yaliwaletea wasikilizaji wa Kivu Kiswahili sanifu ambacho hawakukisikia sokoni kwao. Jambo hili halionekani katika takwimu zozote za umiliki.

4.0 Sensa Tano kwa Moja

Anayetaka kulinganisha umiliki wa redio katika nchi hizi mbili kwa kufuata miaka hukutana na tofauti ya kumbukumbu. Rwanda ilifanya sensa za watu na makazi mwaka 1978, 1991, 2002, 2012 na 2022. Kongo ilifanya sensa moja tu ya kisayansi ya nchi nzima, mwaka 1984, ilipohesabiwa kuwa na watu takriban milioni 30. Tangu hapo habari za kaya za Kongo zimetokana na tafiti za sampuli, zikiwamo zile za afya na idadi ya watu za 2007 na 2013–2014. Tafiti hizo hukadiria hali ya jimbo, wala hazishuki hadi wilaya. Aidha, wakati wa vita sampuli huwafikia wanaofikika. Vijiji vya ndani ya Walikale, ambako mtafiti hufika kwa siku kadhaa za mguu, ndivyo vya kwanza kuachwa.

Kwa hiyo safu mbili zinazowekwa pamoja katika jedwali hazina uzito sawa. Upande wa Rwanda ni hesabu iliyorudiwa. Upande wa Kongo ni makadirio juu ya makadirio. Sensa ya Rwanda ya 1991 ilionyesha kwamba asilimia 29 ya kaya zilikuwa na redio. Kiwango hicho kilikuwa kikubwa kwa nchi ambayo watu wake walio wengi mno walikuwa wakulima wa vijijini. Kutokana na tarakimu kama hiyo mtu angeweza kuandika kwamba mwaka 1991 Rwanda ilikuwa imekwisha kupiga hatua nzuri katika njia iliyoonyeshwa na UNESCO. Miaka mitatu baadaye hakuna aliyeweza tena kuisoma kwa utulivu huo.

Ipo pia kasoro ya neno lenyewe. Redio iliyohesabiwa katika kaya inaweza kuwa imeharibika, au haina betri, au ni ya baba anayeondoka nayo asubuhi. Kwa upande mwingine, redio moja iliyo katika kibanda cha kinyozi au duka la njia panda husikilizwa na watu wengi wasio na redio. Na habari iliyosikiwa na mmoja husafiri kwa mdomo hadi kwa wengine, jambo ambalo Watanzania hulitania kwa jina la redio mbao. Katika nchi ya wasimulizi, umiliki na usikivu ni mambo mawili mbalimbali.

5.0 Mawe ya Redio

Wasemaji wengi wa Kiswahili wameyaita mabetri ya redio na tochi kuwa ni mawe, na Kinyarwanda nacho hutumia neno la maana hiyo hiyo, amabuye. Jina hilo linaelekeza kwenye gharama halisi ya redio kijijini. Redio hununuliwa mara moja, mawe hununuliwa kila mara. Mahali pasipo na umeme wa gridi, na hali ya vijiji vya Masisi na Walikale imekuwa hiyo, saa za kusikiliza huhesabiwa kwa mawe. Redio hufunguliwa kwa taarifa ya habari, kisha huzimwa. Mawe yaliyochoka huanikwa juani yapate kurudisha nguvu kidogo.

Bei ya mawe hufuata barabara. Masisi hupata bidhaa zake kutoka Goma kupitia Sake, na barabara ikikatwa na mvua au na vita, kila kitu hupanda. Walikale imewahi kutegemea ndege kabisa. Baada ya madini ya bati kugunduliwa Bisie mwaka 2002, ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami huko Kilambo, zikapakia madini kwenda Goma na kurudi na bidhaa za dukani. Wachimbaji wenye fedha mkononi waliweza kununua redio na mawe yake. Mkulima wa mihogo aliyeko kilomita chache kutoka hapo aliuziwa kwa bei iyo hiyo ya ndege bila kuwa na kipato cha mgodi. Hivyo hata ndani ya wilaya moja kulikuwa na viwango viwili vya usikivu, na wastani wa jimbo huvificha vyote viwili.

Rwanda nayo ilikuwa na tatizo la mawe, lakini ilikuwa na masoko ya karibu na barabara zinazopitika. Baada ya 1994 ilipata pia msaada ambao wilaya za ng'ambo hazikuupata kwa kiwango hicho: kuanzia 2003 redio za kuzungushwa kwa mkono na za nguvu ya jua, zisizohitaji mawe, ziligawiwa kwa kaya zilizoongozwa na watoto yatima. Jambo hilo linathibitisha kwamba waliokuwa karibu na tatizo walifahamu kuwa mzigo ulikuwa katika mawe kuliko katika chombo.

6.0 Masikio Mengi, Midomo Michache

Wakati sensa ya 1991 ilipokuwa ikihesabu redio, midomo ya Rwanda ilikuwa ikihesabika kwa vidole. Radio Rwanda ilikuwa ya serikali. Radio Muhabura ilikuwa ya waasi wa RPF. Tarehe 3 Machi 1992 Radio Rwanda ilitangaza habari ya uongo kwamba kulikuwa na njama ya kuwaua viongozi wa Kihutu. Siku zilizofuata Watutsi wa Bugesera waliuawa. Mwezi Julai 1993 ikaanza RTLM, redio iliyodai kuwa huru, ikiwa na mtambo mmoja Kigali na mwingine katika mlima Muhe. Alison Des Forges, katika utafiti wake uliochapishwa 1999, ameeleza kwamba katika baadhi ya maeneo serikali iligawa redio bure kwa viongozi wa mitaa kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994. Hapo kuongeza idadi ya redio kulikuwa sehemu ya maandalizi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwahukumu waanzilishi wawili wa RTLM tarehe 3 Desemba 2003.

Hata hivyo mfano huu usichukuliwe kama sheria ya mitambo, kwamba redio ikifunguliwa watu huua. Scott Straus, katika makala yake ya 2007, alionyesha kwamba usikivu wa RTLM haukuenea nchi nzima na kwamba wauaji wengi walihamasishwa ana kwa ana na viongozi na majirani. Watafiti wengine wamempinga kwa kulinganisha vijiji vilivyosikia na visivyosikia. Mjadala haujafungwa, na historia ya Masisi na Walikale ina la kuchangia.

Tarehe 20 Machi 1993 watu walishambuliwa katika soko la Ntoto, wilayani Walikale. Mauaji yakaenea Masisi baina ya Wahunde na Wanyanga kwa upande mmoja na wasemaji wa Kinyarwanda kwa upande mwingine. Maelfu walikufa na malaki wakakimbia makwao. RTLM ilikuwa haijaanza. Ilianza miezi zaidi ya mitatu baadaye. Wala sehemu zile hazikuwa na wingi wa redio. Ugomvi wa ardhi, wa uraia na wa uchifu, pamoja na maneno ya wanasiasa yaliyopita kutoka mdomo hadi mdomo, ulitosha. Kwa hiyo uchache wa redio haukuwakinga watu wa Masisi, kama vile wingi wake haukuwaangamiza peke yake watu wa Rwanda. Lililofanana pande zote mbili ni kwamba hapakuwa na mdomo wa pili wenye nguvu ya kumjibu wa kwanza kwa lugha aielewayo msikilizaji.

7.0 Masikio Yasiyo na Mdomo

Wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma mwezi Julai 1994, mdomo wa pili uliletwa na wageni. Mwezi Agosti 1994 tawi la Uswisi la Reporters sans frontières lilianzisha Radio Agatashya kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wa Kivu. Redio hiyo ilikoma mwezi Oktoba 1996, vita vilipofika Bukavu. Wakongo wenyewe walikuwa wamekwisha kuanza: Radio Maendeleo ilianzishwa Bukavu mwaka 1993 na mashirika ya wananchi, na sheria ya vyombo vya habari ya 22 Juni 1996 ikafungua rasmi mlango ambao siasa za vyama vingi ziliuanza mwaka 1990. Lakini mlango huo ulifunguliwa wakati nyumba inaungua. Uasi wa RCD ulitangazwa kwa redio mjini Goma tarehe 2 Agosti 1998, na mwaka uliofuata waasi hao wakaifunga Radio Maendeleo. Kwa anayeteka mji wa Kivu, redio imekuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kushikwa.

Tarehe 25 Februari 2002 ilizinduliwa Radio Okapi, iliyoendeshwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle kwa Kifaransa na lugha nne za taifa. Kwa mara ya kwanza mtu wa Goma na mtu wa Kinshasa walisikia taarifa moja katika nchi iliyokuwa imegawanyika kijeshi. Kwa Masisi na Walikale redio hiyo ilikuwa na kipindi kingine cha pekee, Gutahuka, maana yake kurudi nyumbani, kilichotangazwa kwa Kinyarwanda kwa wapiganaji wa FDLR waliokuwa misituni, kikiwataka waweke silaha na kurudi Rwanda. Katika jedwali la umiliki redio ya mpiganaji huyo haimo: si ya kaya ya Kongo wala ya kaya ya Rwanda. Lakini huenda ni miongoni mwa redio zilizokuwa na uzito mkubwa kuliko zote katika wilaya hizi, kwa kuwa kilichosikiwa humo kiliweza kuamua kama kijiji fulani kitalala salama.

Hapo ndipo upungufu wa kuhesabu masikio ulipoonekana kwa uchungu. Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010 watu wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji vingine vya wilaya ya Walikale, kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi. Waliwabaka watu zaidi ya 300 na kupora nyumba. Kikosi cha askari wa Umoja wa Mataifa kilikuwa Kibua, kwenye barabara hiyo hiyo. Vijiji vile havikuwa na mtandao wa simu, na redio ya kawaida hupokea tu, haiwezi kupeleka kilio. Mwanamke mwenye redio mpya na mawe mapya angeweza kusikia habari za dunia nzima usiku ule, lakini dunia isingeweza kumsikia yeye. Baada ya tukio hilo Umoja wa Mataifa ulipanua mitandao ya tahadhari ya vijiji: simu mahali penye mtandao, na redio za mawasiliano ya pande mbili mahali pasipo nao. Chombo cha namna hii, ambacho misheni na wafanyabiashara wa msituni walikitumia kwa miaka mingi kwa jina la Kifaransa la phonie, hakikuwahi kuwa safu katika takwimu zozote za umiliki wa redio.

8.0 Redio Inapoingia Ndani ya Simu

Tangu miaka ya 2000 ulinganisho wa nchi hizi mbili umezidi kuwa mgumu. Nchini Rwanda redio za watu binafsi ziliruhusiwa tena hewani mwaka 2004, na utafiti wa kaya wa 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya zilikuwa na redio. Baadaye idadi ya kaya zenye redio ilishuka. Jambo hili lingesomeka kama kurudi nyuma, isipokuwa simu za mkononi, nyingi zikiwa na redio ya FM ndani yake, zilikuwa zikipanda wakati huo huo. Masikio yalibaki, jina la chombo ndilo lililobadilika. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi, na hivyo lugha ya ng'ambo ya mpaka ikapata hadhi mpya pande zote mbili.

Nchini Kongo mabadiliko makubwa yalikuwa upande wa midomo. Redio za jamii zilichipuka kwa mamia nchini kote, na Kivu Kaskazini ilipata sehemu yake. Redio ya namna hiyo huwa na chumba kimoja au viwili, mtambo mdogo, jenereta au vioo vya jua, na watangazaji wanaojitolea. Husikika kilomita chache tu, lakini ndani ya kilomita hizo husema mambo ambayo Kinshasa, Kigali na London haziwezi kuyasema: mtoto amepotea, daraja limebebwa na maji, chanjo itatolewa kesho, soko limehamishwa kwa sababu ya risasi. Husema kwa Kiswahili cha Kivu, chenye maneno ya Kifaransa na ya lugha za mahali, na inapolazimu husema kwa Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda. Kwa mtaalamu wa lugha haya ni matukio ya aina yake: lugha ambazo hazikupewa nafasi katika redio ya taifa zimepata saa zao.

Midomo hiyo, hata hivyo, ni dhaifu. Mtambo mdogo huporwa kwa dakika chache. Shirika la Journaliste en danger limeorodhesha redio za Kivu Kaskazini zilizoporwa, zilizofungwa au zilizolazimishwa kutangaza matakwa ya mwenye bunduki. Wapiganaji wa M23 waliiteka Masisi mwanzoni mwa Januari 2025, wakaiteka Goma mwishoni mwa mwezi huo, na mwezi Machi wakaingia Walikale mjini, kisha wakaondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Katika kila hatua ya namna hiyo wananchi walikimbia na simu zao na redio zao ndogo. Masikio yalibebwa mfukoni. Mdomo uliachwa nyuma.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ulinganisho wa Kongo na Rwanda kwa idadi ya redio hueleza kidogo na huficha mengi. Hueleza kwamba nchi ndogo yenye lugha moja, barabara na masoko ya karibu iliweza kueneza redio upesi kuliko jirani yake. Huficha kwamba nchi hiyo hiyo, ilipokuwa na redio katika karibu kaya tatu kwa kila kumi, haikuwa na sauti ya kujibu uongo. Huficha pia kwamba ng'ambo ya mpaka watu wa Masisi na Walikale walikuwa wakisikia redio za wengine, kwa lugha walizochaguliwa, kwa gharama ya mawe iliyopangwa na ndege na matope, bila njia ya kujibu.

Tafiti zijazo, basi, zitafaa zikiuliza maswali manne pamoja na lile la umiliki. Kwanza, kwa wiki redio husikilizwa saa ngapi, na mawe yake hugharimu kiasi gani cha kipato cha kaya? Pili, ni vituo gani vinavyosikika kijijini hapo, na kwa lugha gani? Tatu, je, kuna mtu wa kijiji hicho aliyewahi kusema hewani? Nne, hatari ikitokea usiku, kijiji kina chombo gani cha kupelekea habari nje? Swali la nne si la anasa ya kitaaluma, kama Luvungi ilivyoonyesha.

Liko pia jukumu linalozihusu idara za Kiswahili moja kwa moja. Vipindi vya redio za jamii za Kivu ni hazina ya Kiswahili cha mashariki ya Kongo: habari, mashauri, methali, mabishano ya wasikilizaji, na visa vinavyosimuliwa na wazee. Vituo vingi huvihifadhi katika kompyuta moja tu, na kituo kinapovamiwa kompyuta hiyo huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuchukuliwa. Vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Kigali, Nairobi na Dar es Salaam vinaweza kukubaliana na vituo hivyo kupokea nakala za vipindi mara kwa mara na kuziweka mahali salama. Gharama yake ni ndogo, na kazi hiyo haihitaji kusubiri sensa nyingine.